Mbegu ya Mama

Mama aliponiomba mzigo mmoja wa vijiti vya mihogo kutoka karantini, shamba la kutengea mimea isiyopimwa bado, ilinipasa nimkatalie. Sikumkatalia.

Ilikuwa miaka ya tisini, nami nilikuwa msaidizi wa maabara nje kidogo ya Kisumu. Mihogo hiyo ilitoka Uganda na ilisifiwa kwa kuzaa. Kazi yangu ilikuwa kusaga majani machanga na kuyaandaa kwa mashine iliyozidisha vinasaba vya virusi, hadi vikaonekana kama mistari inayong'aa chini ya taa ya zambarau. Jani zuri machoni liliweza kubeba ugonjwa, na sisi tukaunasa. Nilifurahia kazi hiyo kama mtu anayelipwa kucheza.

Lakini dawa za mashine zilikuwa zimekwisha, tukingoja nyingine kutoka Nairobi, na mvua ilikuwa imeanza. Kwetu, upande wa Sondu, mke wa mwana hapandi kabla ya mama mwenye boma. Mama naye alitaka kuanza na mbegu mpya.

"Haya majani ni safi kuliko shati lako," alisema alipokuja kazini kwangu.

"Mama, mashine bado haijasema."

"Hiyo mashine ina wakaza wana wangapi wanaongoja ipande?"

Nilicheka, nikamfungia mzigo.

Jumamosi hiyo boma zima lilikuwa shambani. Mama alipanda kijiti cha kwanza, wakaza wana wakafuata wakiimba.

"Shemeji, shimo refu hivyo unazika nani?" mke wa ndugu yangu aliniuliza.

"Nazika njaa."

"Basi ongeza, hiyo ni ndefu."

Tulikula ugali na omena, dagaa wa ziwani, pale pale, matope hadi magotini. Sijawahi kuona mama akiwa na furaha kama siku ile. Kando yetu ilisimama mihogo yake ya zamani, mitamu hata mibichi, ambayo mbegu yake alikuja nayo alipoolewa. Hakuna mtu mwingine aliyekuwa nayo.

Dawa zilipofika, vijiti vyetu vilikuwa vimechipua majani mengi. Sampuli za mzigo ule, zilizobaki maabara, zilitoa mistari, karibu zote. Nilikwenda nyumbani siku hiyo hiyo, tukang'oa na kuchoma, lakini inzi weupe walikuwa wameshahamisha ugonjwa. Mihogo ya zamani ilijikunja majani, mizizi ikabaki myembamba kama vidole.

Mama hakunilaumu. Aliishi miaka mingi baadaye, akinitania vilevile. Lakini mbegu yake ilipotea kabisa, hakuionja tena, na wajukuu wake hawaijui. Ni mimi niliyeipoteza.