Kicheko Nyuma ya Waimbaji

Ninayoyasimulia hapa yalinipata mimi mwenyewe, mchana, nikiwa na akili zangu timamu, wala sikuwa nimeonja chochote zaidi ya chai. Niamini.

Katika miaka ile ya tisini nilikuwa nikifundisha karibu na Litein. Studio moja ya kurekodi mjini Nakuru ilipofungwa, nilinunua jozi ya spika zake: zile ambazo kila moja hubeba amplifaya yake tumboni, zilizoundwa ili fundi asikie kasoro, si ili mlevi acheze. Nikaziweka sebuleni juu ya vigoda, mbali na ukuta, kwenye usawa wa masikio, zote mbili zikielekea kiti kimoja. Spika za kawaida humrembesha mwimbaji, hizi humwanika. Utasikia pumzi, utasikia benchi likilia, utamsikia hata aliyekuja harusini akakataa kuimba.

"Mwalimu amenunua masanduku ya kusengenya watu," jirani yangu alinicheka.

Siku nilipozijaribu, nyumba haikuwa na raha. Binti yetu alikuwa amezaliwa, na chumbani mama yangu na wanawake wa ukoo walikuwa wakimtafutia jina. Kwetu Wakipsigis, majina ya waliotangulia hutajwa juu ya mtoto, moja baada ya jingine; akipiga chafya, basi aliyetajwa ndiye aliyerudi. Wetu hakupiga chafya. Waliwataja wote, wakarudia, wakamnusisha ugoro kidogo. Wapi! Mke wangu akaanza kulia. Ni mzazi gani angefurahia mtoto ambaye hakuna mzee aliyekubali kurudi naye?

"Huyu anangoja nini?" nilimsikia Mama akiuliza. "Ama anataka tumtumie barua?"

Ili nitulie, niliweka kaseti ya harusi moja ya Silibwet, ambayo marehemu baba aliirekodi zamani. Mvua ya mawe ilikuwa imekatika punde, na ua wote ulikuwa mweupe. Hapo mlangoni akaingia bibi mmoja nisiyemjua, bila hata tone la maji mwilini.

"Chamgei," akanisalimu, akaenda moja kwa moja kukaa kwenye kile kiti.

"Kogo," nikamwita, yaani bibi, "hapo ndipo mahali pa kusikilizia."

"Najua. Ungetaka nikae jikoni? Geuza hiyo ya kushoto. Imepinda, inaangalia ukuta kama mtu tuliyekosana naye."

Nikaigeuza. Waimbaji wakasikika kana kwamba wamesimama mbele yetu, kila mmoja mahali pake.

"Wacha hao wa mbele," akasema. "Sikiliza nyuma."

Nyuma yao mwanamke alikuwa akicheka: kicheko kirefu, kinachopanda na kupanda, kisha kikakatika kwa kwikwi. Kaseti ile nilikuwa nimeicheza miaka mingi kwenye redio ya kawaida. Nilipata kukisikia? Hata mara moja.

Mlango wa chumbani ukafunguka. Mama alisimama hapo, mkono kifuani.

"Nani amemleta Tabutany hapa? Hicho ni kicheko chake."

Tabutany alikuwa dada ya baba, aliyeolewa mbali, Londiani, akafariki bila mtoto nikiwa mdogo. Wanawake walikuwa wamewataja waliozaa tu. Asiyeacha mtoto, nani humkumbuka?

"Mama, mtaje!" nikasema.

Akarudi kwa mtoto, akamtaja Tabutany juu yake. Chafya ikatoka, ndogo na kali kama njiti ya kiberiti, na vigelegele vikatikisa mabati. Mke wangu alikuwa akilia na kucheka kwa pamoja.

Nilipogeuka kumshukuru mgeni, kiti kilikuwa kitupu. Mawe ya barafu uani yalikuwa hayajakanyagwa, hakuna unyayo wa kuja wala wa kwenda.

Binti yangu sasa ni mtu mzima. Anacheka kicheko kile kile, hadi kwikwi ya mwisho, na hakuna sherehe huku kwetu inayoanza vizuri kabla hajafika. Kaseti bado ninayo. Waimbaji wote wamo, kicheko hakimo. Nimekitafuta kwa spika zile zile, nikizigeuza kila upande.

Basi wewe unayetamani spika za namna hii, nunua, lakini ujue hazina adabu ya kumnyamazia mtu. Kwanza kaa na wazee wako, muwataje wenu wote, hata wasioacha mtoto. Mkimsahau mmoja, atakuja mwenyewe, na atakuondoa kwenye kiti chako.