Alfajiri Katembo Alipookoa Kabichi

Saa kumi na moja alfajiri, Bwera, upande wa Uganda mpakani na Kongo. Katembo Sosthène anafunga kabichi zilizotoka Kyondo kwenye chukudu yake, ule mkokoteni wa mbao wa magurudumu mawili unaohitaji mabega kuliko akili. Kila akikaza fundo, anatupa jicho juu. Anga limetulia. Yeye haliamini.

Miezi minne iliyopita, saa kama hii, mzigo ukiwa umeshafungwa, ua mzima uliwaka kama mchana. Jiwe la moto lilichana anga kutoka upande wa Rwenzori, kijani, kisha jeupe la kuumiza macho. Vivuli vya migomba vikakimbia ukutani. Giza likarudi. Kabla hajavuta pumzi vizuri, mlio mzito ukatikisa mabati.

"Nilisema, vita imetufuata mpaka huku," anasimulia.

Vita anaijua. Mwaka 2019 alitoroka Beni, kule Kongo, akisukuma chukudu hiyohiyo siku tatu, mama yake Marie-Louise, mwenye nyonga mbovu, akiwa amefungwa juu yake kwa kamba.

Basi alfajiri ile mikono haikusubiri kichwa. Ilikamata usukani, ikakimbia. Mzigo ulikuwa mzito, na uzito huo ukamtuliza. Alikata karibu kilomita mbili akiubembeleza gizani: "Mama, shikilia. Tunafika."

Jirani yake Hamim, dereva wa bodaboda aliyekuwa akikimbia pia, akamfikia na taa yake.

"Katembo, unaongea na nani?"

Katembo akageuka. Kabichi mia moja na ishirini zilikuwa zikimtazama.

"Mama nilikuwa nimemwacha nyumbani," anasema. "Nilikaa chini katikati ya barabara. Sikuweza hata kulia."

Hamim alimpakia, wakarudi mbio. Walimkuta mama ametambaa hadi mlangoni, magoti yanatoka damu.

"Papa," akamuuliza mwanawe, kama anavyomwita kwa mapenzi, "kabichi iko salama?"

Baadaye redio ilisema kilikuwa kimondo tu. Swali la mama halikuisha. Huliuliza mbele ya wateja, na wote huvunjika mbavu. Katembo naye hucheka, ila huchelewa kidogo.

Sasa fundi Mbusa anamchongea chukudu ya pili, yenye kiti na egemeo. Itakaa kando ya kitanda cha mama.

"Hii haitabeba hata kitunguu moja," anaapa Katembo. "Iko ya mama tu."

Sauti inatoka ndani: "Weka na kamba, papa. Unifunge vizuri kama kabichi."