Mwaka Mzee Alipoomba Boya Kubwa

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, ketini vizuri na mweke simu kando. Mimi nilifika darasa la nne tu, lakini kuandika naweza, na nikikosea herufi, nyinyi mmesoma, rekebisheni. Nataka kuwaambia habari ya kuvua kwa boya na ya kuchagua loji, kwa sababu nawaona mkichagua mahali kwa kuangalia picha ya kitanda. Samaki hakai kitandani.

Nilizaliwa Ndabibi, upande wa machweo wa ziwa la Naivasha, wakati baba yangu alikuwa akichunga ng'ombe za mzungu. Huko ndiko nilijua ndoano, kabla ya kujua kalamu. Nilipoolewa huku juu Kuresoi kwa watu wa viazi, nilikuta samaki haliwi. Mama mkwe wangu alimwita samaki nyoka aliyekosa adabu, na sufuria niliyompikia aliitoa nje ikalala huko siku tatu. Mume wangu, nitamwita mzee kama nilivyozoea, nilimfundisha kuvua mimi mwenyewe. Akanipita. Halafu akaanza kuwaambia watu kwamba yeye ndiye alinifundisha. Nilinyamaza. Mwanaume akipewa kitu kidogo cha kujivunia, nyumba inatulia.

Boya ni ile kitu ndogo inayosimama juu ya maji, uzi ukipita kwake, na samaki akivuta chini linazama. Madukani yapo, ya plastiki, yamepakwa rangi kama pipi. Sisi letu linatoka shambani. Nungunungu akija kuchimba viazi vyetu huacha miiba, na mwiba wa nungunungu ni boya ambalo hakuna kiwanda kitakushinda nalo. Chagua ulio mzima, kwa sababu ulio na ufa hunywa maji. Kata vipete viwili vya mpira wa valvu ya baiskeli, uvishe huku na huku, upitishe uzi hapo. Utalisukuma boya juu au chini kulingana na kina cha maji. Karp hula chini kwenye tope, kwa hivyo chambo kiguse chini. Chambo ni ugali uliolala, ukandwe na unga wa ngano kidogo mpaka ukatae kuvunjika. Halafu ubane risasi, vile vipande vidogo vya kuzamisha, kwenye uzi, moja moja, ukijaribu ndani ya pipa la maji nyumbani, mpaka boya libaki limechomoza kama ncha ya kidole. Likichomoza sana, samaki akivuta anasikia mzigo, anatema, anaenda kuwaambia wenzake.

Mzee alikuwa mkali kwa jambo hilo kunishinda. Akiona mtu kando ya ziwa na boya kubwa, alikuwa anamwambia bila kusalimia, "Boss, boya ni sikio, si bendera."

Basi mwaka huo, viazi vilipotoka, akaniletea slipa nyekundu iliyokatika mkanda. Akasema nimkatie boya hapo, kubwa kama limau. Nikamuuliza kama siku hizi anavua na bendera. Akasema karp wa sasa wamenenepa. Nikacheka, nikakata, nikatoboa na sindano ya magunia. Hilo ndilo kosa langu na naliandika lilivyo. Nimekaa na huyu mtu zaidi ya miaka arobaini, namjua akikohoa amekohoa kwa sababu gani, na sikuuliza zaidi.

Sasa tulikuwa hatuna mahali. Pale tulipozoea kuvua palimezwa. Ziwa lilipanda likachukua nyasi, likachukua choo, na nguzo za geti zikabaki majini na ndege juu yake. Binti yetu anakaa Nakuru, pale Milimani, na msichana wake wa chuo, mjukuu wetu, akaanza kutuma picha za loji kwa simu ya jirani. Mzee aliposikia neno hilo akauliza kama kweli anaambiwa ampeleke mke wake lojing katika umri huu, na watu wa kanisa watasemaje. Msichana alicheka mpaka simu ikakatika. Lakini mzee hakuwa na neno, alitaka kitu kimoja tu: pikapu yake ifike. Hapandi mashua, haachi gari kwa watu asiowajua ili atembezwe kwa miguu na kijana aliyebeba taulo. "Mahali gari yangu haifiki," akasema, "mimi pia sijaalikwa."

Kupiga simu nikachukua mimi. Loji ya kwanza ilikuwa na bwawa la kuogelea. Nikamuuliza msichana wa simu habari ya barabara, akasema ni nzuri sana. Kila mwenye loji barabara yake ni nzuri sana. Kwa hivyo msiulize hivyo, ulizeni kama mimi: lori ya maziwa hupita hapo saa ngapi, na siku ya mvua hupita? Huyo msichana hakujua maziwa yanatoka wapi. Nikamshukuru nikakata. Ya pili walituma picha ya nyasi kijani mpaka majini. Nikauliza picha ni ya lini. Wakazunguka zunguka. Ziwa limepanda lakini picha haijapanda. Tena mkituma mtu akaone, mwambieni aangalie kama kuna miti iliyokufa imesimama majini. Ikiwa ipo, hapo chini palikuwa shamba, na shamba lina ua wa waya, na huo waya utakula ndoano zenu zote mkidhani ni samaki.

Ya tatu alishika simu mzee mmoja mlinzi, sauti kama mashine ya kusaga. Akaniita mathe, kama vijana wa mjini wanavyomwita mama. Akasema chakula chao ni cha kawaida, vyumba vitano tu, lakini gari nitaiona nikiwa nimeketi na fimbo ya kuvulia mkononi. Nikauliza lori ya maziwa. Akasema hupita saa mbili asubuhi, na mvua ikizidi huja trakta. Nikauliza kiboko. Wale wengine wawili walikuwa wameniapia kwamba kwao hakuna. Huyu akasema, "Kiboko tunaye, mathe. Hupandia pale kwa matete, na saa kumi na mbili jioni nawatoa watu wote majini, hata kama ni waziri." Nikamwambia atuwekee vyumba viwili. Na nitawafundisha lingine hapo: upepo wa ziwa huamka mchana, kwa hivyo laleni upande ambao mnaamkia maji yakiwa kimya.

Tuliondoka alfajiri, mzee kwenye usukani. Milimani tukachukua binti yetu, yule msichana wake, na mdogo wake wa miaka sita, wakajazana nyuma. Gari ya binti yetu ni ndogo, ingezama kwenye ile njia, na mzee mwenyewe alisema hakuna mtu atamwendesha kwenda kuvua. Barabara kubwa ilikuwa imejaa malori. Alienda polepole, nikaona ni busara. Tulipoacha lami alipita mahali pa kukata kona, nikamrudisha, akasema njia wameibadilisha. Mbele kidogo kulikuwa na mtu na baiskeli yenye mikebe ya maziwa, upande wa kushoto. Mimi nilimwona kutoka mbali. Mzee alikanyaga breki karibu sana, tukagonga vichwa.

"Huyo ametoka wapi?" mzee akauliza.

"Ametoka mbele yako," nikamwambia.

Gari nzima ikacheka. Nilicheka na mimi.

Loji ilikuwa kama mlinzi alivyosema. Pikapu ilisimama kwenye nyasi, hatua kumi kutoka majini. Maji yalikuwa bado yamelala. Watoto wakabaki na mama yao kwenye vyumba, sisi wawili tukaketi na fimbo zetu zimeegeshwa kwenye panda. Ile slipa nyekundu ilielea mbele ya mzee, kubwa, mtu angeiona akiwa barabarani. Mimi nilikuwa na mwiba wangu. Tukakaa.

Boya lake likatikisika mara mbili. Likalala ubavu. Halafu likaanza kutembea, likazama, likapotea kabisa, na uzi ukakata maji kuelekea kwenye matete. Nikamtazama. Alikuwa ameangalia mbele, uso umetulia kama mtu anayesikiliza mahubiri mazuri.

"Mzee," nikasema, "boya linafanya nini?"

"Limesimama tu," akasema. "Hakuna kitu."

Sikupiga kelele. Niliinua fimbo yake mimi, ndoano ikashika, nikamwekea mkononi. Akamleta yule samaki vizuri, bila haraka, vidole vyake vikijua kazi yote. Karp mnene. Nilimweka kwenye ndoo, nikafuta mikono kwa leso, nikauliza, "Tangu lini?"

Aliweka fimbo chini. Halafu akasema jicho la kushoto lilianza kwenda tangu tupande viazi vya mwaka uliopita. Hilo la kulia huona kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Kilicho katikati anakiona, kilicho kando hakipo. Alikuwa akitafuta boya kwenye yale maji kama mtu anayetafuta sarafu gizani, ndiyo sababu alitaka kubwa.

"Na umetuendesha kutoka Kuresoi," nikasema.

"Njia naijua."

"Na yule wa baiskeli, ulikuwa unamjua?"

Akashika goti lake. Akaniomba nisiwaambie watoto. "Wakijua, watanikalisha kwa kiti kama gunia. Kila mtu atakuwa ananivusha uani. Wacha nirudishe hii gari nyumbani pole pole, halafu tutaona."

Nilimwelewa, msidhani sikumwelewa. Huyo ni mtu aliyenunua hiyo pikapu kwa viazi, mfuko juu ya mfuko, na alibeba ndani yake kila mtoto wetu akienda shule na kila mgonjwa wa kijiji. Lakini kuelewa mtu si kumpa funguo.

"Boya nitakuwa nakuambia," nikamwambia. "Lori halitangoja nikuambie. Kesho kabla ya chai utasema wewe, ama nitasema mimi."

Akasema mimi ni mwanamke mgumu. Nikamwambia ndiyo.

Jioni hakugusa samaki wake mwenyewe. Binti yetu akamuuliza baba yake kama wamegombana na mama. Nikamwambia ale.

Asubuhi mizigo ilikuwa ikipakiwa na mlinzi alikuwa amewasha jiko la chai. Mzee akatoka na funguo, akasimama kando ya gari, akamnyooshea binti yetu. "Endesha wewe. Mguu unaniuma."

Binti akapokea, hakuona jambo. Angeingia tu na tungeenda, na wiki ijayo mguu ungepona. Nikasema, "Mguu wako haujambo."

Watu wote wakasimama. Mzee aligeuza uso kwenye maji, akarudi. "Ni macho," akasema. "Sioni."

Binti yetu alifikiri ni mzaha. Alimuuliza kama si yeye aliyewaleta jana. Mzee akasema aliwaleta akiwa haoni, na kwamba amekosa. Sijawahi kumsikia akisema neno hilo mbele ya mtoto. Binti akaketi kwenye ngazi na funguo mapajani. Yule mdogo wa miaka sita ndiye alimsogelea babu yake.

"Guka, mimi unaniona?"

"Simama hapa katikati," mzee akasema, akimvuta bega. "Hapo. Sasa nakuona."

Hatukurudi Kuresoi siku hiyo. Tulienda moja kwa moja kwa daktari wa macho Nakuru. Alisema ni presha ya macho. Haiumi, inakula pole pole kutoka kando, na kilichokwisha hakirudi. Kilichobaki kinalindwa na dawa ya matone, asubuhi na jioni, bila kuruka. Angekuja mapema angekuwa na macho mawili. Halafu akasema jambo ambalo mzee hakulipenda na mimi nililishika: ugonjwa huo hutembea kwenye damu ya ukoo, na mtu anaweza kuwa nao leo na asijue.

Matone namtia mimi. Anakunja uso kama mtoto. Tumeenda ziwani mara mbili tangu hapo, binti yetu akiendesha na mzee akimwonyesha njia kwa kichwa chake, na hajakosea kona hata moja. Tukiketi kando ya maji mimi humwambia "sasa," naye huinua. Husema nachelewa. Huenda ni kweli.

Lakini Jumapili ile iliyofuata siku ya daktari niliita wote nyumbani, wana, binti, wakwe na wajukuu. Chakula sikupakua kwanza. Mzee aliketi mahali pake pa mezani na nilisimama nyuma ya kiti chake ili nione kila uso. Nikawaambia hivi: "Hakuna mtu atamshika mzee mkono kabla hajaomba. Hakuna mtu atazungumza juu yake kana kwamba amelala. Na kila mmoja wa damu yake aliyefikisha miaka thelathini atapimwa macho kabla hatujapanda viazi, na aniletee karatasi ya daktari mkononi, si picha kwa simu. Asiyepimwa, asiingize gari kwa geti langu akiwa na mtoto wa mtu ndani. Haya, nawe mkubwa, anza. Unaenda siku gani?"