Dirisha Lisilofunguka

Mdogo wangu alipiga simu Jumapili moja tukiwa ndio tumetoka kanisani, mama hata hajavua kitambaa cha kichwa. Yeye ni muuguzi ng'ambo, na kwa miaka mingi alikuwa akituambia kwamba kabla wazazi hawajazeeka kabisa, atawapeleka mahali. Siku hiyo hakusema tena kwamba atawapeleka. Alisema ameshawawekea nafasi kwenye meli ya watalii. Ingewachukua Mombasa, iwazungushe visiwani, kisha iwarudishe palepale. Yeye angekuja likizo asafiri nao.

"Kilichobaki ni chumba tu," aliniambia. "Nimekutumia picha. Waonyeshe wachague."

Niliketi kati yao kwenye kochi, nyumbani kwetu Migori, nikaishika simu mbali kidogo ili baba aone vizuri.

Mama ni Mkuria wa milimani, karibu na mpaka. Baba ni Mjaluo wa Awendo, na maisha yake yote ya kazi aliendesha trekta za kubeba miwa hadi kiwandani. Walipokutana, hakuna aliyejua lugha ya mwenzake, wakapendana kwa Kiswahili cha kuokoteza, na nyumba yetu ikabaki nyumba ya Kiswahili hata baada ya mama kukijua Kijaluo kuliko mashemeji zake. Mama hakuwahi kuona maji mengi mahali pamoja mpaka baba alipompeleka ziwani Homa Bay, ndoa yao ikiwa changa. Gatini palikuwa na meli imetia nanga. Mama alisimama akaitazama mpaka baba akamwambia, "Hii nitakupandisha siku moja." Hakumpandisha. Tulizaliwa sisi, kukawa na karo, na meli zile zenyewe zikaacha kuja.

Kwa hiyo ahadi ilikuwa ya baba, mtoto akawa anaitimiza.

Picha ya kwanza ilikuwa ya chumba cha ndani, kisicho na dirisha. Kitanda, taa, kabati, basi.

"Hii ni stoo," baba alisema.

"Na mtu anajuaje kumekucha?" mama akauliza.

Ya pili ilikuwa na dirisha kubwa lisilofunguka, bahari nyuma ya kioo. Ya tatu ilikuwa na mlango wa kioo unaotokea kwenye roshani ndogo, viti viwili na meza, na chini ya reli maji matupu.

Baba aliisogelea simu. "Hapa ndipo mama watoto ataanika nguo."

Mama alicheka hadi akajifuta macho. Akachagua hiyo hiyo. Alisema wataketi hapo asubuhi, yeye na mzee wake, wanywe chai, na hakuna mtu atakayewaita.

Mimi sikucheka sana. Baba alikuwa ameanza kusahau. Mwanzoni yalikuwa mambo madogo: miwani, jina la jirani, kama amekula. Halafu asubuhi moja alivaa koti lake la kazini, akatoka bila kuaga, na mwendesha bodaboda aliyemfahamu akamkuta barabara ya kwenda Rongo akitembea kwa haraka. Alisema amechelewa zamu. Alikuwa amestaafu zamani. Daktari alitueleza kwa upole kwamba ugonjwa huo haurudi nyuma, na kwamba tusimwache peke yake.

Nilimpigia mdogo wangu pembeni, nikamuuliza itakuwaje baba akiamka, mama amelala, afungue ule mlango wa kioo.

Alisema, "Basi tuwape cha ndani. Mlango ni mmoja, tunaufunga."

Mama alipoambiwa, alikasirika kuliko nilivyowahi kumwona.

"Mnataka kumfunga kama kuku? Giza lote hilo, akiamka atajua yuko wapi? Hata mimi nitachanganyikiwa."

Tulivutana wiki nzima. Mwisho tukakubaliana kwenye kile cha katikati, chenye dirisha lisilofunguka. Baba angeona maji, na asingeweza kuyafikia. Mdogo wangu aliuliza swali moja lililobaki: kitanda kimoja kikubwa, au viwili vidogo?

"Kimoja," mama alisema, akanitazama kana kwamba nimemtukana. "Tangu lini tukalala viwili?"

Wazo la Homa Bay lilikuwa la mama. Alitaka tumjaribu kwanza, tuone kama anaweza kulala mahali pageni. Tulichukua vyumba viwili kwenye hoteli iliyo juu kidogo ya ziwa, wao kimoja na mimi cha jirani. Chao kilikuwa ghorofani, na dirisha lake lilitazama maji. Mama alikuwa amemnunulia baba shati jipya la safari, la rangi ya udongo, na alimvalisha hapo hapo.

Mwanzo ulikuwa mzuri. Tulikula samaki, ngege wa kukaanga, na ugali, baba akala mpaka kichwa. Akamweleza mhudumu jinsi alivyomleta mke wake hapa zamani, msichana wa milimani ambaye aliuliza maji yote haya yamechotwa na nani. Mama aliketi kando yake akitabasamu, mkono wake juu ya meza karibu na wake. Nilimwandikia mdogo wangu kwamba mambo ni sawa, safari ipo.

Baada ya chakula walipanda kupumzika. Mimi nilijinyoosha chumbani mwangu, mlango wazi. Jua lilikuwa bado kali nilipoisikia sauti ya baba kwenye korido. Nilitoka. Alikuwa amesimama miguu mitupu, viatu mkononi, akizungumza na msichana wa kusafisha vyumba. Hakuwa amekasirika. Alikuwa na adabu, kama mtu anayeomba msaada ofisini.

"Samahani, binti. Kuna mama ndani ya chumba changu. Sijui ameingiaje. Mimi ni mtu wa ndoa, mama watoto ananingoja nyumbani. Mtafutieni huyo mama chumba kingine, tafadhali. Msimfukuze vibaya."

Msichana alinitazama mimi. Mimi niliutazama mlango.

Mama alikuwa amesimama hapo, kitambaa cha kichwa kimelegea upande mmoja. Alikuwa amesikia yote. Nilifungua mdomo nimwambie baba, huyu ndiye, huyu ndiye mkeo, lakini mama aliniinulia kiganja ninyamaze.

"Pole, mzee," alimwambia. "Nimekosea mlango."

Alirudi ndani, akachukua mkoba na kandambili zake, akapita mbele yake akiwa ameinamisha kichwa kama mgeni. Baba alimpisha. "Asante, mama," alisema. "Hakuna shida."

Mama aliketi kwenye kitanda changu na hakulia. Alikunja na kukunjua mkanda wa mkoba. Nilijaribu kumwambia kwamba ni ugonjwa, kwamba baada ya saa moja atakumbuka. Na kweli, jioni baba aligonga akauliza mbona mama watoto amemwacha peke yake. Lakini mama alikuwa ameshakata shauri.

"Mpigie mdogo wako," aliniambia. "Aiache hiyo meli."

"Tunaweza kuomba vitanda viwili, mama. Au niende nanyi, mimi nilale naye, wewe—"

"Hapa kuna chumba chako, nimekimbilia. Huko katikati ya maji akiniambia nitoke kila siku, nitatoka niende wapi?"

Nilipiga simu kutoka kwenye ngazi za hoteli. Mdogo wangu alilia upande wa pili, mimi nikisikiliza, na watu wakipanda na kushuka.

Alikuja nyumbani badala yake. Likizo aliyoomba kwa ajili ya bahari aliimaliza Migori, akimwogesha baba, akimkata kucha. Baba alimwita kwa jina la shangazi yetu aliyekwisha kufa, naye akaitika.

Sasa wazazi wangu wanalala vyumba viwili. Mama huacha mlango wake wazi ili amsikie. Kila jioni anapompelekea chakula, hugonga kwanza, asubiri mpaka aambiwe karibu. Siku nyingine baba anamjua, na hapo huketi naye mpaka sahani zipoe. Siku nyingine hamjui.

Juzi nilikuwa kwenye korido na ndoo ya maji nikawasikia.

"Wewe mama unapika vizuri," baba alimwambia. "Una mume?"

"Ninaye."

"Anakutunza?"

Mama alimsogezea sahani.

"Alinitunza sana," alisema. "Kula, mzee, samaki anapoa."