Kijibwa Chenye Chafya

Mbwa sikumtaka mimi. Nilikulia Tanga, katika nyumba ambayo mbwa akikulamba, bibi alikukosha kwa udongo kabla hujavuka kizingiti. Lakini miaka ile ya themanini tulipohamia Bredäng, huko Uswidi, binti yetu alimaliza majira yote ya baridi bila rafiki, mpaka baba yake akamletea kijibwa kutoka kwa mwenzake wa kazini. Nikanuna. Mtoto akaanza kucheka tena, basi nikanuna kimya kimya.

Kijibwa kilipiga chafya kila walipocheza. Kwetu mtoto akipiga chafya huambiwa, "Kua!"

"Mbona yeye humwambii?" binti aliniuliza, kwa Kiswidi kama kawaida yake.

"Mbwa si mtoto," nikamjibu.

Kiangazi, siku moja walirudi kutoka kwenye nyasi ndefu kando ya ziwa, na chafya zikawa za namna nyingine. Hazikukoma. Mbwa alisugua pua kwa mguu, akatikisa kichwa, akakataa chakula.

"Mafua hayo, mama watoto. Tumfukize," alisema mume wangu.

Basi watu wazima wawili tukamfunika mbwa shuka juu ya karai la maji ya moto, kama tulivyofukizwa sisi utotoni. Akapindua karai, tukalowa miguu, akakimbilia chini ya kitanda. Binti alipomtoa, tundu moja la pua lilikuwa likichuruzika damu.

"Mama, atakufa?" Mara hii aliuliza kwa Kiswahili. Niliogopa kwelikweli. Mtoto yule hakuwa na mwingine wa kucheza naye.

Nikamfunga mbwa kwa kanga yangu, nikampakata ndani ya treni, binti ubavuni, mpaka kwa daktari wa wanyama. Udongo wa bibi sikuukumbuka hata kidogo.

Daktari, mama mmoja mcheshi, alimchoma sindano ya usingizi, akachungulia puani, akavuta kwa kibano mbegu ya nyasi yenye miiba midogo. Chafya za mchezoni ni furaha tu, alituambia. Zisipokoma, damu ikitoka, au mbwa akiisugua pua bila kupumzika, msingoje. Na maji ya moto tuyaache ya kupikia chai.

Siku chache baadaye walikuwa wakifukuzana tena sebuleni. Mbwa akapiga chafya moja tu, ya furaha. Binti akageuka, akanitazama, akingoja.

"Kua, mwanangu," nikamwambia mbwa.