Jukwaa la Benki Lilivyoshindwa na Salamu za Matombo

Nilipomaliza masomo yangu ya jioni chuoni Mazimbu, mjini Morogoro, nilikuwa najua kila kitu kuhusu kompyuta, na vingine viwili vitatu zaidi. Ndiyo maana mama mkubwa, dada yake mama, mwenyekiti wa akina mama wanaolima viungo Matombo, alinikabidhi tovuti yao. Alikuwa amewaahidi wenzake kwamba kufikia Ijumaa wanunuzi wa mjini wataona kwenye simu mdalasini na pilipili manga ya kila mmoja. Uenyekiti wake wote ulining'inia hapo.

Jukwaa la kuendeshea tovuti lilikuwa la kuchagua. Kulikuwa na dogo, lililoandikwa kwa lugha ya kompyuta iitwayo PHP, unalipakia asubuhi, mchana linafanya kazi. Na kulikuwa na la lugha nyingine, Java, zito kama lori la magogo, la kuendeshea benki. Nikachukua la benki. Sikuhangaika jioni zote zile nije kufanya kazi ndogo.

Alhamisi nikapanda Matombo kuwaonyesha. Simu ilikuwa moja, na utaratibu wao ni kwamba anaanza mkubwa kwa umri, kisha simu inapita mkono kwa mkono, kila mmoja aandike viungo vyake. Anayepokea haandiki kabla hajamwamkia aliyempa na kuulizia watoto, mbuzi na goti. Jukwaa langu nililipanga limsubiri mtu dakika tano tu. Akikaa bila kugusa kitu, linamtoa nje na kufuta yote yaliyoandikwa. Kwa salamu za pale, dakika tano hazifiki hata kwa mbuzi.

Simu iliporudi mara ya nne kwa bibi aliyewazidi wote umri, aandike upya mdalasini wake, akamgeukia mama mkubwa. "Mwenyekiti, hiki chombo kina haraka. Kimelelewa wapi?"

"Kimelelewa na huyu," akajibu, bila kunitazama.

Nikaongeza dakika. Seva ndogo niliyoikodi, yaani kompyuta ya mbali inayobeba tovuti, ambayo tayari ilikuwa inahema kwa uzito wa Java, ikashindwa kuwakumbuka wote kwa muda huo, ikazimika kabisa.

"Mama, nipe mpaka alasiri," nikasema.

"Chukua, baba. Kesho ndiyo sina."

Nikakaa kwenye benchi nje ya kanisa la misheni, nikafuta la benki, nikaweka la PHP, kila mstari ukijihifadhi wenyewe papo hapo. Alasiri simu ikazunguka tena, salamu zikaenda kwa urefu wake wote, na hakuna aliyetolewa nje. Mama mkubwa akawasomea wenzake orodha nzima, sauti juu kama anatangaza matokeo ya uchaguzi. Alipomaliza akanisogezea sinia la ndizi mbivu. Nilikula ishirini; hiyo nayo haikuwa kazi ndogo.