Hoja ya Mtego

Wanafunzi wake walimwita Nani Kasema, na jina hilo alilipata kihalali. Ukisimama darasani kwake ukasema sheria za mipaka zinataka hivi au mkataba fulani unakataza vile, hakujishughulisha na ukweli wa maneno yako. Alishusha miwani mpaka ncha ya pua akauliza, "Nani kasema?" Ukimtajia mahakama, alitaka kujua jaji gani. Ukimtajia jaji, alitaka kujua jaji huyo siku hiyo alikuwa anamjibu nani. Watu wazima wenye ndevu zao walitoka mle wamelowa jasho.

Ugonjwa wa kushuku hakuuokota chuo kikuu, alizaliwa nao. Mama yake alipenda kusimulia kwamba mtoto huyu akiambiwa baba kasafiri kikazi, alikwenda kwanza kufungua kabati kuhakikisha kwamba viatu vya safari havipo. Alipokuwa wakili kijana, kesi zake zilikuwa za majirani waliogombea ua na mtaro, na kila mteja alimhoji kama mshtakiwa. Baadaye akaenda kusoma nje, akaandika kitabu kinene kuhusu mipaka ya mito na maziwa, akarudi profesa. Serikali zikaanza kumtafuta ziweze kushindana kwa heshima. Aliwaambia rafiki zake kwamba kazi haikubadilika hata kidogo: ni majirani wale wale na ugomvi ule ule wa ua, ila hawa wana bendera na wimbo wa taifa.

Darasani alikuwa na mtindo wake ambao hakuna mwalimu mwingine aliyeuthubutu. Aliinuka kwenye kiti chake, akamkalisha mwanafunzi mmoja, yeye akaenda kubanana na wengine kwenye benchi. Mwanafunzi alitakiwa kuijenga kesi kama Profesa mwenyewe angeijenga, si kwa mawazo yake yeye. Kisha Profesa aliishambulia kutoka benchini bila huruma. Aliyeng'ara kuliko wote alikuwa kijana mmoja mkimya waliyempachika jina la Kivuli, kwa sababu alimwigiza mwalimu wake mpaka kikohozi. Profesa alicheka naye, akampa alama za juu, akamsahau kama walimu wanavyosahau.

Ofisi yake ilikuwa vyumba viwili juu ya duka la vioo. Chumba cha ndani kilikuwa chake, na kompyuta yake ilitazama ukuta ili mtu aliyesimama mlangoni asione kitu. Ufunguo wa droo aliuning'iniza shingoni, chini ya blauzi, na ukimkuta anajipapasa kifuani ujue hana maumivu, anahakikisha. Chumba cha nje walikaa watu watatu: karani wake wa siku nyingi, mchora ramani, na wakili kijana ambaye alikuwa binti wa marehemu mdogo wake. Binti huyo alimlea mwenyewe tangu akiwa hajui kufunga kamba za viatu. Alimsomesha, akamvika joho lake la kwanza kwa mikono yake, akampa meza. Katika dunia nzima, huyu ndiye mtu pekee ambaye Profesa hakuwahi kumuuliza nani kasema.

Kisha ikaja kesi ya mto. Mto huo ndio uliokuwa mpaka wa nchi mbili, na kizazi kimoja nyuma ulihama. Kisiwa chenye mashamba na shule kikajikuta upande wa pili. Sheria yenyewe haina makuu: mto ukihama polepole, mpaka huhama nao. Ukiruka ghafla kwa mafuriko, mpaka hubaki pale mto ulipokuwa. Profesa aliitetea nchi iliyosema mto uliruka. Upande wa jirani, aliyesema mto ulijisogeza taratibu, ulitetewa na Kivuli, ambaye sasa alikuwa na tumbo na jina kubwa.

Majibu ya maandishi ya Kivuli yalipofika, Profesa aliyasoma amesimama. Katikati akakuta kurasa nzima zinajibu hoja ya ramani za kale. Hoja hiyo yeye aliiandika kweli, lakini akaifuta kabla ya kuwasilisha nyaraka zake. Haikuwahi kutoka nje ya vyumba vile viwili. Basi machale yakamcheza. Akafunga mlango, akakaa, akawatazama watu wake watatu kupitia kioo cha mlango mmoja mmoja.

Tangu siku hiyo chai ya ofisini ikawa chungu. Karani akipokea simu, Profesa alipunguza hatua koridoni. Mchora ramani akiwahi kuondoka, alitaka kujua anawahi wapi. Hata fundi aliyekuja kurekebisha feni alisimamiwa mpaka skrubu ya mwisho. Mwishowe akaamua kutega. Kila mmoja alimwita peke yake, akamnong'oneza kwamba kesi sasa itasimamia hoja fulani, na asimwambie mtu. Karani na mchora ramani aliwapa hoja za kipuuzi ambazo jaji angezitupa kabla ya kumaliza kupiga chafya. Lakini binti hakuweza kumpa upuuzi, maana angecheka papo hapo. Ikabidi ampe hoja nzuri: kwamba jirani aliona kisiwa kinatawaliwa na wenzake miaka yote asilalamike, na kunyamaza kwake kulikuwa kukubali. Hoja ya kweli, ile aliyokusudia kummaliza nayo Kivuli, hakumwambia mtu wala hakuiandika. Aliibeba kichwani.

Nyaraka za mwisho za Kivuli zikaja. Za kipuuzi hazikuguswa. Ya kunyamaza ilijibiwa aya kwa aya.

Profesa alilia chumbani kwake. Kisha akanawa uso, akajiambia ushahidi ni ushahidi, akamwita binti ndani.

"Hoja ya kunyamaza nilikupa wewe peke yako," alisema.

Binti alizisoma zile kurasa za Kivuli bila haraka, kama alivyofundishwa. Alipomaliza, akainua uso. "Mama Mkubwa, unanishtaki?"

"Nakuuliza."

"Hapana. Wewe ukiuliza, huwa hujui jibu."

Hakujitetea zaidi ya hapo. Aliweka ufunguo wa ofisi mezani, akachukua joho lake, akashuka ngazi. Profesa akaiandikia wizara kwamba jina la binti liondolewe kwenye jopo la mawakili kwa kuvujisha siri za mteja. Mstari mmoja tu, lakini kwa wakili mstari huo unatosha kumzika akiwa hai. Na mawakili, pamoja na majoho yao, wana umbea kuliko saluni nzima. Ofisi zilizokuwa zikimtongoza binti ahamie kwao ghafla zikawa hazipokei simu yake. Sasa lilikuwa limebaki jambo moja tu la kujua: kama binti alikuwa msaliti au kama mama yake mkubwa alikuwa amemwangamiza bure. Profesa alikwisha hukumu, lakini usingizi wake haukukubaliana na hukumu hiyo.

Siku ya kesi ilifika. Ukumbi wa mahakama ulikuwa na zulia zito lililomeza nyayo, na majaji waliketi juu, nyuso zao hazisomeki. Upande wa jirani ndio uliopangwa kuanza. Kivuli akasimama, akainamisha kichwa, akaongea kwa upole wake ule ule. Alipokaribia kumaliza, akageukia benchi la Profesa.

"Waheshimiwa majaji," akasema, "nadhani mwenzangu atawakumbusha mto wetu wa kaskazini, ulio mpaka wetu na nchi nyingine. Atasema kule sisi wenyewe tulidai kwamba mto ukihamishwa na mafuriko umeruka, na mpaka hubaki pale pale, kwa hiyo hatuwezi kudai kinyume hapa. Naomba nilijibu hilo mapema."

Profesa akaacha kuandika. Hiyo ndiyo hoja aliyoibeba kichwani. Hakuna binadamu aliyeambiwa. Droo haikuijua, karatasi haikuijua. Kama Kivuli alikuwa nayo, basi hakupewa na mtu.

Wakati wa mapumziko alimfuata koridoni, kwenye mtungi wa maji. Kivuli alimwamkia shikamoo kwa adabu zote, na Profesa hakukumbuka kuitikia.

"Hoja ya mto wa kaskazini. Nani kasema?"

Kivuli alidhani ni utani wa zamani, akatabasamu. Alipoona mwalimu wake hatabasamu, akaweka glasi chini.

"Wewe, Mwalimu. Si ulinikalisha kwenye kiti chako? Nikipewa kesi dhidi yako nakaa vile vile. Najiuliza utaanzia wapi, na ukizibiwa hapo utapita wapi."

"Na ile ya kunyamaza?"

"Hiyo ilinijia ya kwanza kabisa. Ni ya kwako ile, hata harufu yake."

"Na ramani za kale?"

"Nilijua ungeiandika halafu ungeifuta. Nikaona nijikinge tu."

 Sasa Profesa aliuona mtego wake ulivyokuwa. Hoja za kipuuzi hazikujibiwa kwa sababu Kivuli alijua yeye si mtu wa upuuzi. Ya binti ilijibiwa kwa sababu ilikuwa nzuri, na aliifanya nzuri kwa sababu alimheshimu binti. Mtego ule usingeweza kumnasa mtu mwingine yeyote. Alikuwa amemkamata mtoto wake kwa kosa la kuwa na akili.

Alirudi ukumbini akasimama, akamjibu Kivuli vizuri kuliko alivyowahi kumjibu mtu. Baadaye watu walimsifu, na nchi iliyomtuma ikapata kisiwa chake. Yeye jioni hiyo aliiandikia wizara kwamba binti hakuvujisha kitu, kwamba kosa ni lake Profesa, na nakala akazituma kwa kila ofisi aliyoijua. Kisha akapanda ndege. Kutoka uwanjani hakupitia kwake, alikwenda moja kwa moja kwenye nyumba aliyopanga binti, begi likiwa mkononi.

Binti alifungua mlango, akamwamkia, akampisha. Profesa alikaa kwenye ukingo wa kiti akasimulia kila kitu kwa mpangilio, mtego na koridoni na barua, kama anayeongea mbele ya majaji. Alipofika mwisho mpangilio ukamwishia.

"Nimekuja kukuomba radhi, mwanangu."

Binti alikuwa anatazama mikono yake. "Yule bwana angenyamaza juu ya mto wa kaskazini," aliuliza, "ungekuja?"

Profesa aliwahi kujibu maswali ya majaji wa kila rangi na kila hasira. Alilitafuta jibu la hili kila mahali alipozoea kutafuta majibu. Uongo ulikuwepo, tena mzuri, lakini hakuthubutu kuugusa.

"Nisingekuja," alisema.

Binti akaitikia kwa kichwa taratibu. Hakukasirika, na hilo ndilo lililomwogopesha Profesa. Akasema ahsante kwa barua, zitamsaidia kupata kazi. Kisha akaenda jikoni, akarudi na sinia lenye kikombe na kisahani chake, akaliweka mezani kwa mikono miwili. Alikuwa amemtengenezea mama yake mkubwa chai tangu akiwa shule ya msingi.

"Karibu," akasema. "Sijui unatumia sukari?"

Profesa akasema hatumii, akashukuru.